Sarufi ya Juu na Pampu ya Chembwe

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Naliweka wazi hilo mapema kwa sababu mimi ni mtumishi wa umma na sipendi matatizo. Ina mipaka, ina wimbo wa taifa wenye beti saba, ina mawaziri arobaini na mmoja, lakini haipo. Msomaji akihisi kwamba amewahi kuishi humo, basi akae kivulini kidogo, hali hiyo itapita.

Katika nchi hiyo serikali ilitafuta kwa muda mrefu chanzo cha shida za wananchi. Wananchi wenyewe walidhani ni barabara, wengine walidhani ni dawa kukosekana hospitalini, lakini hao hawakuwa wataalamu. Tume ya wataalamu ilizunguka mikoa yote kwa miezi kumi na minne, ikilala hoteli nzuri ili ifikiri vizuri, ikaja na jibu ambalo hakuna aliyelitegemea: wananchi hawajui sarufi ya juu ya Kiingereza. Kiingereza cha kawaida wanacho, cha kuombea kazi na kusomea majina ya vidonge. Wanachokosa ni kile cha juu, chenye sentensi ndani ya sentensi, ambacho mtu akikizungumza msikilizaji anavua kofia. Rais aliposomewa ripoti alisikitika sana, akaunda wizara.

Wizara ya Lugha Zenye Hadhi alipewa Mheshimiwa Dakta Filimoni Mbwilo, mtu ambaye Kiingereza chake kilisifiwa nchi nzima. Hata mimi nilikisifu. Hakuna aliyewahi kukielewa, na kwetu huo ni ushahidi wa kutosha.

Mheshimiwa hakukawia. Nyaraka tano za mwanzo zilihusu samani za ofisi yake. Waraka wa sita ulituhusu sisi. Ulisema kwamba ni marufuku mtu kugusa mashine yenye maandishi ya Kiingereza mpaka apate Cheti cha Sarufi ya Juu, wala kuizungumzia kwa lugha isiyo na hadhi, kwa kuwa mashine humdharau mtu asiyejua lugha yake, na ndiyo maana zinaharibika. Siku ya pili yake kinyozi wa sokoni alizima mashine akarudia mkasi. Muuguzi wa zahanati alisimama mbali na mizani akawa anakadiria uzito wa watoto kwa macho. Na hapa mjini kwetu, Chembwe, ikasimama pampu ya maji.

Pampu hiyo ilikuwa ikiendeshwa na Bi. Nyamizi Kasanzu kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa akiweka kiganja juu ya bomba, anasikiliza, halafu anasema, "Leo kifua kimebana," na kabla hujamaliza kucheka ameshafungua, amesafisha, amefunga, na maji yanapanda mpaka mtaa wa juu. Pampu yenyewe ilikuwa na kibao chenye maneno manne ya Kiingereza, matatu yameshafutika kwa kutu. Lakini sheria ni sheria, hata kwa neno moja. Mkurugenzi wa Mji alikwenda na askari wawili, akachukua ufunguo wa banda la pampu, akaufungia kwenye droo yake.

Watu walipolalamika, Mkurugenzi aliwatuliza kwa upole. Alisema maji yapo palepale chini ya ardhi, hayajapungua hata tone, kilichosimama ni kutoka kwake tu. Tukaanza kuchota kwenye bwawa la ng'ombe.

Masharti yalikuwa mepesi kuyaelewa. Bi. Nyamizi akifaulu mtihani, anarudishiwa ufunguo. Akifeli, haruhusiwi kuugusa kwa miaka mitano, na kwa kuwa wilaya nzima haikuwa na mtu mwingine anayeijua pampu ile, hiyo ndiyo ingekuwa miaka mitano ya Chembwe kunywa na ng'ombe.

Mimi ni Kalebu, karani wa masjala. Kazi yangu ni kupokea barua, kuzigonga mhuri na kuandika kumbukumbu za vikao. Mwandiko wangu ni mzuri, na nasema hivyo kwa sababu utakuja kuleta balaa.

*

Darasa lilifanyika ukumbi wa mji, alasiri tatu kwa wiki, na mwalimu aliletwa kutoka makao makuu. Aliitwa Mwalimu Anzeruni, mwembamba, mpole, mwenye suti moja. Tulikuwa wanafunzi arobaini. Bi. Nyamizi alikaa mbele kabisa na ovaroli lake la bluu, spana mfukoni, daftari magotini.

Somo la kwanza lilikuwa kauli ya kutendwa.

"Hii ni kauli ya watu wenye adabu," alisema Mwalimu Anzeruni. "Mtu wa kawaida anasema, Mkurugenzi kachukua ufunguo. Msomi anasema, ufunguo ulichukuliwa."

"Na nani?" aliuliza Bi. Nyamizi.

"Hapo ndipo penye utamu wake, mama. Haulizwi."

"Mimi nauliza."

"Basi bado hujafika sarufi ya juu."

Mimi machozi yalinilengalenga kwa furaha. Miaka kumi na moja nimeandika kumbukumbu za vikao, fedha zilitumika, majengo yalianguka, makosa yalitokea, na kumbe muda wote huo nilikuwa msomi bila kujijua.

Mwezi wa pili tulifundishwa namna ya kusimulia mambo ambayo yangekuwa yametokea kama mengine ambayo hayakutokea yangelikuwa yametokea. Mwalimu alitoa mfano kwamba kama mabomba yangelikuwa yametandazwa, wananchi wangelikuwa wamekunywa. Mkurugenzi, aliyekuwa amekuja kukagua darasa, aliomba mfano urudiwe polepole. Aliunakili wote kwenye karatasi na kuondoka nao, na mwaka ule ripoti ya maendeleo ya mji wetu ilikuwa na kurasa thelathini za namna hiyo. Ilipata tuzo.

Bi. Nyamizi aliteseka sana miezi ile ya mwanzo. Alikuwa anaandika sentensi, anaitazama, anaikata kwa mistari miwili. Halafu siku moja nilimwona anachora. Nilichungulia daftari lake nikakuta sentensi nzima ya Kiingereza imechorwa kama mchoro wa bomba, na vali zake, na viungio vyake.

"Ni mashine tu hii, Kalebu," aliniambia. "Kitenzi ndiyo mota. Ukishajua mota iko wapi, haya mengine yote ni mabomba. Hili linaingiza, hili linatoa, hili limewekwa kwa ajili ya mapambo."

Kuanzia siku hiyo hakuzuilika. Mwezi wa nne alimsahihisha Mwalimu Anzeruni mbele ya darasa. Mwalimu alitazama ubao, akatazama kitabu, akatoka nje kunywa soda, maana maji hayakuwapo, na aliporudi alimwambia, "Mama, uko sahihi. Tangu nianze kufundisha nimekuwa nikiwafundisha watu kosa hilo."

Nilimpongeza tulipotoka. Hakufurahi.

"Mimi Kiingereza sikukiomba," alisema. "Nataka ufunguo wangu. Mjukuu wangu katapika tena jana kwa yale maji ya bwawani, mara ya tatu sasa. Kama njia ya kurudi kwenye pampu inapita kwenye sarufi, nitapita humo humo, na wala sitaomba anisogezee mtu jiwe."

*

Ikafika siku ya mtihani.

Msomaji ambaye hajaishi katika nchi hii isiyokuwapo lazima aelezwe kwamba kwetu hakuna kitu kinachoanza bila mgeni rasmi. Vyoo vya shule yetu ya msingi vilikamilika mwezi wa pili na vikafungwa kwa kufuli hadi mwezi wa tisa, vikimsubiri mgeni rasmi, na watoto wakawa wanavizunguka kwenda vichakani. Mtihani wa kwanza wa Sarufi ya Juu usingeweza kuanza hivihivi tu, kama ugomvi. Mgeni rasmi angekuwa Mheshimiwa Waziri mwenyewe.

Tuliketi saa tatu asubuhi, karatasi zikiwa zimefunikwa juu ya madawati. Mheshimiwa aliwasili saa tisa alasiri. Akapokewa kwa ngoma, akavishwa shada, akasomewa risala ya kurasa kumi na mbili, kwaya ya akina mama ikaimba wimbo wenye kuisifu nomino. Kisha yeye akahutubia kwa Kiingereza kwa saa nzima, na tukapiga makofi kila alipomeza mate.

Hapo ndipo swali likazuka: mtihani unafunguliwaje? Jengo linakatiwa utepe. Shamba linapandwa mti. Afisa itifaki alipekua kitabu chake hakuona kitu. Basi akaamua kwa busara zake kwamba kama vile mgeni rasmi anavyoweka jiwe la kwanza la msingi, vilevile ataandika mtihani wa kwanza.

Mheshimiwa alikalishwa dawati la jirani na Bi. Nyamizi, kwa kuwa hapo mwanga wa kamera ulikuwa mzuri. Ilikusudiwa aandike jina lake apigwe picha ainuke. Lakini wapiga picha wakasema, "Endelea kidogo, Mheshimiwa, inapendeza," na kwaya ikaanza tena, na Mheshimiwa si mtu wa kuacha kitu watu wakimtazama. Aliandika dakika arobaini. Nilimwona akitokwa jasho. Mara mbili nilimwona macho yakimponyoka kuelekea karatasi ya jirani yake, na mara zote mbili Bi. Nyamizi alisogeza kiwiko.

Alipomaliza alinikabidhi karatasi kwa mikono miwili, ukumbi mzima ukasimama kushangilia. Nami sikuwa nimepewa maelekezo. Kanuni inasema kila karatasi inayokabidhiwa inapewa namba, inaingia mfukoni, mfuko unafungwa kwa lakiri. Karatasi ya Bi. Nyamizi ilikuwa namba kumi na saba. Ya Mheshimiwa niliipa namba arobaini na moja, nikaiingiza.

*

Kamati ya usahihishaji ilikuwa ya watu watatu: Mkurugenzi akiwa mwenyekiti, Mwalimu Anzeruni msahihishaji, na mimi katibu. Karatasi hazina majina, zina namba tu. Ukurasa wa jina unabaki kwenye bahasha hadi mwisho, ndipo unabanwa juu ya karatasi yake.

Namba kumi na saba ilipata tisini na nne. Mwalimu aliisoma mara mbili, ya pili kwa raha zake tu. Namba arobaini na moja ilipata tisa, na Mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba mtahiniwa huyu aanze upya darasa la tatu, tena akae mbele.

Tukafungua bahasha ya majina.

Mkurugenzi aliushika ukurasa wa arobaini na moja kwa ncha za vidole. Kwa mujibu wa waraka aliouandika mwenyewe, Mheshimiwa Waziri alikuwa haruhusiwi tena kugusa gari lake, simu yake, wala mhuri wa wizara yake.

"Tushushe alama ya kufaulu iwe tisa," nilisema.

"Hapo atakuwa wa mwisho kati ya waliofaulu," alijibu Mkurugenzi. "Unataka nihamishiwe wapi, Kalebu?" Akafuta uso kwa leso. "Ndugu wajumbe, kuna kosa la kiufundi limeonekana."

"Limefanywa na nani?" aliuliza Mwalimu Anzeruni, akisahau somo lake mwenyewe.

"Limeonekana."

Basi nikaandika kwenye kumbukumbu, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba ilionekana kurasa za majina za namba kumi na saba na arobaini na moja zilikuwa zimebadilishana. Halafu nikazibadilisha. Ningependa kusema nilisita, lakini sikusita. Nilipofika nyumbani mke wangu akanipa nusu kikombe cha maji na kuniambia ndiyo ya mwisho. Hapo niliona aibu, ile aibu ya kweli, nikamrudishia kikombe bila kuonja.

Matokeo, kwa mwandiko wangu, yalibandikwa kwenye mlango wa ukumbi siku ya Jumatatu. Bi. Nyamizi aliyasoma kutoka juu mpaka chini, kisha akageuka kunitafuta.

"Kalebu. Tisa?"

"Ilionekana, Mama."

"Ilionekana na nani?"

Nikainama kufunga kamba za viatu. Siku hiyo nilikuwa nimevaa ndara.

*

Yangeishia hapo, na Chembwe ingekunywa na ng'ombe kwa miaka mitano, kama si jambo moja. Tulibadilisha kurasa za majina, lakini hatukusoma ndani. Na ndani, kwenye ukurasa wa kwanza wa majibu, kila mtahiniwa alikuwa ametakiwa kutaja mashine anayoombea ruhusa. Bi. Nyamizi alikuwa ametaja yake. Makao makuu wanatengeneza cheti kwa kufuata karatasi, hawafikirii, na cheti kikatoka hivi: Mheshimiwa Dakta Filimoni Mbwilo, alama tisini na nne, ameidhinishwa kuendesha Pampu ya Maji ya Chembwe.

Barua ya sifa kwetu husomwa mstari wa kwanza tu. Magazeti yaliandika tisini na nne kwa herufi kubwa. Mheshimiwa alisikika akisema kwamba alifanya haraka, vinginevyo angepata zaidi. Ikaandaliwa sherehe ya kukabidhiwa cheti na, kama cheti kilivyoelekeza, ufunguo. Ofisi yake ilipokuja kusoma mstari wa pili, hema lilishasimamishwa na kamera zilishafika.

Chembwe yote ilikuja bandani siku ile, kila mtu na ndoo yake. Mkurugenzi alitoa ufunguo kwenye kitambaa chekundu. Mheshimiwa aliuinua juu tukashangilia, akahutubia, tukashangilia, akawa anaelekea kwenye gari. Ndipo mtu mmoja huko nyuma akapiga kelele, "Washa!"

"Washa! Washa!" ukaitikia umati mzima, na ndoo zikaanza kugongwa.

Kamera zikageuka. Mheshimiwa akafungua banda kwa tabasamu. Akaitazama pampu. Akabonyeza kitu, kikabaki vilevile. Akavuta kingine, kikabaki mkononi mwake. Mkurugenzi alikuwa ghafla amepata simu muhimu. Mheshimiwa akachungulia nje, akamwona mbele kabisa mwanamke mwenye ovaroli la bluu ameshika ndoo tupu.

"Mama," alinong'ona, "hebu nisaidie. Hii kitu inawashwaje?"

Bi. Nyamizi alijibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, na alijibu kwa Kiingereza. Ilikuwa sentensi moja. Nilijaribu kuhesabu sentensi zilizokuwa ndani yake, nikafika sita nikapotea. Mwalimu Anzeruni, aliyekuwa amesimama karibu nami, alifumba macho kabisa. Alinifafanulia baadaye: alisema kwamba vali ya chini ingepaswa kuwa imeshafunguliwa kabla ya kingine chochote kuguswa, jambo ambalo muulizaji, kama angelikuwa ndiye aliyeuandika mtihani ambao alama zake alikuwa amezishika mkononi, asingelihitaji kulinong'oneza.

"Sawasawa kabisa," alisema Mheshimiwa, akitikisa kichwa. Hakugusa kitu. Tukasubiri. "Kwa Kiswahili, mama. Tafadhali."

"Waraka wako unakataza kuizungumzia mashine kwa lugha isiyo na hadhi, Mheshimiwa."

"Basi njoo uwashe mwenyewe. Ufunguo huu hapa, shika."

"Mimi nina tisa."

"Nani kasema una tisa?"

Bi. Nyamizi aligeuka akanitazama mimi. Umati wote ukafuata macho yake. Ndoo zilinyamaza.

"Ni mimi," nilisema. "Mimi nilibadilisha karatasi. Tisini na nne ni za Bi. Nyamizi."

Mkurugenzi aliangusha simu. Mheshimiwa alinitazama, akaitazama kamera, akautazama umati wenye ndoo. Nadhani ndiyo hesabu pekee aliyoifanya vizuri siku ile. Alishuka ngazi za banda, akampa Bi. Nyamizi ufunguo mkononi.

Bi. Nyamizi aliingia. Aliweka kiganja juu ya bomba, akasikiliza muda mrefu. "Maskini," aliiambia pampu, "umekaa sana." Akafungua vali ya chini, akagonga mara mbili kwa spana, akawasha. Ikakohoa, ikatema kutu, ikashika. Maji yakaja mekundu, kisha ya maziwa, kisha safi, na watu wakayaingilia na nguo zao. Mimi nililia mbele za watu wala sikuona haya.

*

Serikali ikabaki na tatizo la kisheria. Kukiri kwangu hakukuwa kwa maandishi, kwa hiyo hakukupokelewa. Kosa la kiufundi lilishaonekana mara moja, na kanuni hairuhusu lionekane tena kwa upande wa pili. Bi. Nyamizi alibaki na tisa yake. Lakini pampu haikuweza kuzimwa tena, maana Chembwe walikuwa wanalala mlangoni pa banda kwa zamu.

Wizara ilikaa siku kumi na moja ikapata ufumbuzi. Mheshimiwa Waziri ndiye mwendeshaji halali wa Pampu ya Chembwe. Kwa kuwa anaishi mbali, ataiendesha kwa kutumia kifaa, na kifaa hakihitaji cheti. Bi. Nyamizi Kasanzu aingizwe kwenye daftari la mali za serikali.

Mtunza stoo alikuja na fomu, brashi na kopo la rangi nyeupe, ile inayoandikiwa namba kwenye viti vya ofisi. Ni mtu mwema, alikuwa anatazama chini. Nami nilitumwa niwe shahidi. Siku ile sikuwa karani tena, nilikuwa nimeshushwa kuwa mfagiaji, ila walihitaji mwandiko.

"Mama, utusamehe," alisema mtunza stoo. "Ni taratibu tu."

"Ufunguo unabaki kwangu?"

"Unabaki kwako."

Alifikiri kidogo huku kiganja kikiwa juu ya bomba. Kisha akageuka akatupa mgongo, mtunza stoo akaandika namba kwenye ovaroli, polepole, isichuruzike. Kwenye daftari ilikuwa kati ya namba ya ngazi na namba ya pipa.

"Nilijua ni wewe tangu siku ile ya matokeo," aliniambia bila kugeuka. "Nani mwingine mji huu anaandika vizuri hivyo? Ulichelewa, Kalebu. Lakini ulisema." Kisha akamwambia mtunza stoo amalizie fomu, kwani mtaa wa juu walikuwa wanasubiri maji.

Tukajaza. Aina ya kifaa: mwanamke, mmoja. Hali: nzuri. Mahali kilipo: bandani. Ikabaki sehemu moja.

"Kasoro?" aliuliza mtunza stoo, kalamu ikiwa juu ya karatasi. "Hapa wanataka kujua kama kifaa kina kasoro yoyote."

Bi. Nyamizi alifungua vali.

"Andika kinajibu," alisema.